Niliwakataza kuimba, uwanja ukanyamaza

Muhula wa kwanza wa mwaka 2023, Jumanne moja saa nne na nusu asubuhi, nilitoka darasani nikawakuta wasichana wa P.4, yaani darasa la nne la msingi, chini ya mwembe, wawili wawili, wakigonganisha viganja. Wimbo niliutambua kabla sijatambua nyuso. Ilikuwa bongo fleva iliyokuwa ikipigwa kwenye kila boda boda ya mji wetu wa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, wiki ile, mwanamume analalamika kwamba penzi limemtesa hadi chakula hakipiti. Watoto wa miaka tisa na kumi. Niliwasimamisha, nikawapanga mstari, nikawaambia kwamba tangu siku ile nyimbo za redio na za simu zibaki huko huko barabarani, uwanjani kwetu sitaki kuzisikia.

Walinitii, na hilo ndilo lililokuja kuniuma. Jumatano walitoka mapumziko wakasimama chini ya mwembe ule ule wakitazamana. Wawili walianza kitu, wakanitupia jicho, wakaacha. Alhamisi walikaa kwenye mizizi wakichora chini kwa vijiti. Ijumaa wakaanza kugombana. Mlio wa makofi niliokuwa nimeuzoea kiasi cha kutousikia, niliusikia vizuri siku ulipokosekana.

Ilinichukua karibu mwaka mzima, fedha ambayo sikuwa nayo na ugomvi na mzazi mmoja kuelewa ni kitu gani nilikuwa nimekizima. Naandika kwa sababu kila nikikaa na walimu wenzangu au na kina mama sokoni nasikia mpango ule ule: tuzipige marufuku nyimbo hizi, tuwarudishie watoto michezo yetu ya asili. Kabla hujaanza, nisikilize kwanza.

Mimi ni mtoto wa Oli, hapa Arua. Kwetu ukitoka nyumba moja kuingia nyingine unabadilisha lugha: Kinubi, Kilugbara, Kiswahili, Kilingala cha wafanyabiashara wanaovuka mpaka wa Kongo pale Vurra. Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilipopitisha kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari, hedimasta wetu alitazama chumba cha walimu, macho yakatua kwangu. "Madamu, wewe ndiye unayekijua. Anzisha klabu." Vitabu hatukuwa navyo, bajeti ndiyo usiseme. Nikafikiria michezo ya nyimbo, kwa sababu mimi mwenyewe nusu ya Kiswahili changu nilikipata uani, kwenye kamba na makofi, kabla sijajua kuandika jina langu.

Na nilikuwa na hofu. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020, zikafunguliwa kikamilifu tarehe 10 Januari 2022. Karibu miaka miwili. Watoto walirudi wakiwa warefu, wengine hawakurudi kabisa, hasa wasichana wakubwa, na waliorudi waliimba vitu vya redio, vya video za kibandani, vya simu ya kaka. Sikusikia hata mmoja akiimba nilichoimba mimi. Nikahitimisha kwamba muziki wa kisasa umeila michezo. Sikujiuliza zaidi, maana nilikuwa nimeshapata wa kumlaumu.

Basi, baada ya kuunyamazisha uwanja, nikaanza kutafuta michezo "halisi". Nilikwenda Kampala msibani, nikanunua kirekodi kidogo kwa shilingi 280,000, zaidi ya nusu ya mshahara wangu wa mwezi. Ada ya mwanangu ilichelewa wiki tatu kwa ajili ya kifaa kile, na mume wangu alinyamaza kwa namna ambayo ni bora angegomba. Nikawakusanya watoto thelathini darasani baada ya vipindi, nikafunga madirisha kuzuia upepo, nikawaambia, "Niimbieni nyimbo za michezo za kitamaduni." Wakasimama wima, mikono ubavuni. Wakaimba wimbo wa kwaya ya kanisa. Wakaimba wimbo wa kukaribisha wageni ambao shule nzima huuimba afisa elimu akija. Nina saa mbili za rekodi hizo, na hamna mchezo hata mmoja ndani yake.

Hapa pana jambo la kukuokolea muda. Mtoto wa shule ya Uganda ukimtajia "kitamaduni" anasikia MDD, yale mashindano ya muziki, ngoma na maigizo, na atakupa kile anachodhani mwamuzi anataka. Baadaye nilibaki na maswali mawili tu: "Leo mnacheza nini?" na "Nani alikufundisha?" Na usiwaite ndani. Mchezo wa makofi unataka miguu iwe kwenye vumbi na mtu wa kukukabili uso kwa uso. Kwenye madawati hauna pa kukaa.

Muhula wa pili nilifanya kosa kubwa zaidi. Niliamua, kwa kuwa watoto hawana michezo ya asili, nitawapa wa kwangu, na nitaupeleka kwenye mashindano ya wilaya. Nilichagua mchezo niliocheza Oli miaka ya 1990, tuliouita Songa:

Songa, songa, mama songa,
bilingi na ngai songa.

Mnapigana makofi, na kila mkifika "songa" mnashikana mikono na kuizungusha kwa nguvu kama mwiko ndani ya sufuria la enyasa, ugali wetu. "Bilingi" tuliamini ni biringanya, mboga ya kulia hiyo enyasa. Kwenye karatasi ya maelezo niliandika kwamba huu ni mchezo wa asili wa West Nile, mkoa wetu, unaomfundisha msichana kupika. Niliiandika sentensi hiyo kwa fahari.

Wazazi walichangishwa shilingi 6,000 kila mmoja kwa ajili ya sare. Tulifanya mazoezi wiki tano. Ili waamuzi wawaone vizuri niliwageuza watoto waelekee jukwaani, kwa hiyo kila mmoja akawa anapiga makofi pembeni, kwa mtu asiyemtazama. Niliwafanya wote wagonge kwa wakati mmoja kama askari. Hawakukosea hata mara moja, na hakukuwa na uhai. Hatukupita. Nikiwarudisha kwenye gari niliwasikia nyuma, chini chini, wakicheza kitu kingine, wakitazamana na kucheka, na nilijua hicho ndicho nilichopaswa kukileta.

Jioni ile nilipitia kwa mama yangu. Alikuwa anapeta mtama. Nilimweleza yote huku nalia, akaniambia niuimbe huo wimbo niliowapa. Nikaimba. Akaweka ungo chini.

"Mwanangu, nani alikwambia huo ni wa kupika?"

Mama alivuka kwenda Zaire, Kongo ya leo, mwaka 1980, akiwa na miaka kumi na mmoja. Baada ya Amin kuanguka mwaka 1979 vita vilifika kwetu, na watu wa West Nile kwa wingi sana walikimbilia Zaire na Sudan. Wengi walikaa huko hadi katikati ya miaka ya 1980. Familia yake ilikaa upande wa Aru, ng'ambo ya mpaka. Kulikuwa na muuza duka mmoja mwenye santuri iliyoendeshwa kwa betri ya gari, na wimbo aliokuwa akiurudia kutwa ulikuwa wa Kilingala, wa mapenzi. Mwimbaji Mama hamkumbuki. Maneno anayakumbuka: bolingo na ngai, zonga. Mpenzi wangu, rudi. Wasichana wa Uganda walikuwa hawajakijua Kilingala. Masikio yao yalisikia "songa", na songa walikuwa wanaijua.

Nikamuuliza kwa nini mwiko. Akakaa kimya kidogo. "Tulikuwa na njaa," akasema. "Kwa hiyo tulisonga."

Kisha akaniambia kwamba bibi yangu aliwachapa kwa ajili ya wimbo ule. Wimbo wa wahuni wa Kongo, bibi alisema, mtoto wa kike hauimbi.

Sikulala vizuri usiku ule. Nilikuwa nimewanyamazisha watoto kwa jina la mchezo ambao wenyewe ulitoka kwenye santuri ya dukani, ukaingia mikononi mwa wasichana waliouelewa nusu, wakauvunja, wakaujenga upya kwa kile walichokikosa tumboni. Nilichokiita asili kilikuwa na umri wa miaka arobaini na tatu tu.

Wiki iliyofuata niliwaomba watoto radhi mbele ya darasa na kuondoa katazo langu. Usidhani walirudi siku hiyo hiyo. Ilichukua karibu wiki mbili. Mtoto anajua kwamba mkubwa anaweza kubadilisha mawazo tena. Nilihamisha kiti changu kutoka kwenye kibaraza cha ofisi, ambako mwalimu wa zamu hukaa kuona nani anakosea, nikakiweka karibu na bomba la maji, ambako kila mtoto hupita na hakuna anayeogopa kuonekana. Nilikaa na daftari. Waliponiuliza naandika nini, niliwaambia ukweli: michezo yenu. Kufikia mwisho wa mwezi walikuwa wanakuja kuangalia kama nimeandika sawasawa, na mara nyingi nilikuwa sijaandika sawasawa.

Ndipo nikasikia, kwa mara ya kwanza, ule wimbo niliouzuia. Nauandika kama walivyouimba, na rababu kwao ni raba ya kufutia:

Penseli yako, penseli yako,
umempa nani penseli yako?
Nimempa jirani, jirani kakimbia,
rababu ya pinki ameniachia.

Hakukuwa na penzi. Labda lilikuwapo wiki ya kwanza, siwezi kuapa, lakini siku nilipowapanga mstari huenda lilishageuka penseli na mimi nikasikia redio badala ya kuwasikia wao. Shuleni kwetu P.4 ndiyo darasa la kuacha penseli na kuanza kalamu, na mwaka mzima wa P.3 kilio kikubwa cha mtoto ni penseli iliyoibwa. Walichukua masikitiko ya mwanamume wa kwenye redio wakaweka ya kwao.

Tangu hapo nilianza kuangalia kazi yao kama fundi anavyomwangalia fundi mwenzake. Wimbo wa watu wazima una beti, una sehemu ya gitaa, una mahali mwimbaji anapumzika. Watoto hutupa karibu vyote. Hubakiza kiitikio, tena mara nyingine nusu yake. Huongeza kasi hadi maneno marefu yanakatika yenyewe. Sauti inayopanda na kushuka sana huibana ikae mahali ambapo mtoto anaweza kuimba huku anahema. Penye neno wasilolielewa huweka neno la karibu lenye mlio unaofanana, na hilo neno la karibu ndilo linalozaa mchezo, kama mwiko ulivyozaliwa na zonga.

Kitu kilichonishangaza zaidi ni mikono. Nilimwomba dada mmoja wa P.6 anifundishe polepole. Hesabu ya mikono ni tatu: kwanza kiganja kimoja juu na kimoja chini, pili viganja vyote mbele kwa mwenzako, tatu viganja vyako mwenyewe. Wimbo lakini unahesabu nne, kama bongo fleva nyingi na Kilingala kingi. Kwa hiyo maneno na mikono haviendi pamoja. Vinaachana, vinazunguka, na vinakutana tena baada ya makofi kumi na mawili. Mtoto wa miaka tisa anafanya hivyo huku anatafuna muwa. Mimi ilinichukua siku nne. Na nilipoipata nikaitambua: ni mikono ya Songa, ile ile, ukiondoa mwiko.

Hapo nilielewa kwa nini nilikuwa nikitafuta bila kuona. Nilisikiliza maneno, na maneno hubadilika kila redio inapobadilisha wimbo. Mama alikuwa na santuri moja na wimbo mmoja kutwa, kwa hiyo mchezo wao ulidumu hadi ukanifikia mimi. Uganda iliruhusu redio za binafsi mwaka 1993, Radio Pacis ikaanza hapa Arua mwaka 2004, na sasa kila kijana ana nyimbo mia kwenye simu. Mchezo wa Penseli ulizaliwa muhula wa kwanza, na kabla mwaka haujaisha hakuna aliyeucheza tena. Lakini mikono iliyoubeba ilibeba unaofuata, na uliofuata huo. Kama unataka kujua kipi kimehifadhiwa katika michezo ya watoto wa kwenu, ziba masikio kwanza uangalie mikono. Andika mikono kabla ya maneno. Mimi nachora viduara vidogo, kimoja kwa kila kofi, na maneno nayapanga juu yake.

Nilipoanza kuuliza "nani alikufundisha?" ramani ikafunguka. Dada. Binamu aliyekuja likizo kutoka Koboko. Msichana aliyehamia kutoka shule ya kambi ya wakimbizi ya Rhino Camp, ambaye maneno yake ya kuhesabia yalikuwa Kiarabu cha Juba na wenzake waliyashika bila kuuliza maana. Karibu hakuna aliyesema mwalimu, na wachache sana walisema mama. Mchezo hutoka kwa mtoto wa P.6 kwenda kwa wa P.3, naye akifika P.6 humpa wa chini yake. Ni mnyororo mfupi wa miaka mitatu mitatu. Sasa fikiria shule zifungwe karibu miaka miwili. Waliokuwa P.6 waliondoka bila kupokezana na waliokuwa P.2. Hilo, kwa nilivyoona shuleni kwetu, liliiumiza michezo kuliko simu yoyote. Redio ilikuwa inaziba pengo.

Na si redio peke yake. Kuna mchezo wa kamba wanaohesabia kwa kiitikio cha wimbo wa kampeni ya uchaguzi, jina la mgombea likiwa limeondolewa na kuwekwa jina la anayeruka. Kuna tangazo la biashara la redioni ambalo wavulana huliimba kumkejeli aliyepigwa mpira kwenye kwepena. Wavulana, kwa kweli, nilichelewa kuwasikiliza kwa sababu nilidhani nyimbo za michezo ni za wasichana. Wao hawapigi makofi sana, ila kila bao lina wimbo wake, na nyingi ni za redio zilizokatwa hadi maneno matatu.

Mwalimu wangu wa chuo nilipomwandikia haya, alinijibu kwamba Uingereza kulikuwa na mume na mke, Iona na Peter Opie, waliokusanya michezo ya watoto wa shule na kutoa kitabu mwaka 1959, na kwamba watoto wao pia waliimba kuhusu Charlie Chaplin na nyota wengine wa sinema. Iona aliendelea kwa miaka mingi kwenda kila wiki kusimama kwenye uwanja wa shule moja na daftari lake. Sijui kwa nini habari hiyo ilinipa nguvu kiasi kile. Labda ni kujua kwamba kuna mtu mzima mwingine aliyeona inafaa kusimama tu na kuandika. Akaniambia pia kuhusu Klaus Wachsmann, aliyekuwa msimamizi wa Uganda Museum na kurekodi muziki wa sehemu nyingi za nchi yetu mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950. Nakala za kazi yake zimerudishwa Makerere. Ukiwa na rekodi nzuri, basi, usidhani hazina pa kwenda.

Sasa ugomvi. Nilipoanza kufurahia kazi niliwapiga video wasichana sita na kuiweka kwenye kundi la WhatsApp la marafiki zangu. Siku mbili baadaye ilikuwa imefika kwenye makundi nisiyoyajua, na mtu alikuwa ameweka muziki mwingine juu yake, wa aina ambayo hata hapa sitauelezea. Baba wa mmoja wa wasichana alikuja shuleni. Hakupaza sauti. Aliniuliza, "Madamu, ulimuuliza nani?" Sikuwa nimemuuliza yeyote. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kuchukua taarifa za mtoto, na sura ya mtoto kwenye video ni taarifa zake. Mimi sikuwa naijua sheria hiyo hadi aliponiambia yeye. Nilikwenda nyumba sita kuomba msamaha. Video haikurudi, kitu kama hicho hakirudi. Tangu siku ile napiga picha ya mikono tu, kuanzia viwiko kwenda chini, nina karatasi ya ridhaa kwa Kiswahili na Kilugbara, na mtoto mwenyewe akisema hataki, daftari linafungwa hata kama mzazi ametia sahihi.

Video ilinifundisha na jambo jingine. Watoto wetu wanajua vizuri kwamba mwaka 2014 watoto wenzao wa Kampala, Ghetto Kids, walicheza wimbo wa Eddy Kenzo uitwao Sitya Loss na dunia nzima ikawaona. Wanaongea habari hiyo kama jambo la ukoo wao. Na ukitoa simu tu, wanaanza kucheza kwa ajili ya simu: wanajipanga mstari, wanatazama kioo, kila mtu na hatua zake. Ni wachezaji wazuri sana na sina neno juu ya hilo. Lakini ukiificha simu, wanageukiana. Dansi ya video inamtazama mtu asiyekuwepo. Makofi yanamtaka mwenzako awepo, na akichelewa unaumia kiganja. Wimbo unaweza kuwa mmoja. Jukwaani wilayani mimi nilikuwa nimewageuza watoto kuelekea kusikokuwa na mtu, ndiyo maana mchezo ulikufa.

Mtu ataniuliza, je, maneno machafu tuyaache? Hapana. Kuna nyimbo ambazo bado sizitaki midomoni mwa watoto wa miaka tisa, na sioni haya kusema hivyo. Nilichobadilisha ni njia. Muhula wa tatu walikuja na mstari mmoja uliomtukana mwanamke mwili wake. Nilikaa nao chini ya mwembe, nikawauliza mstari ule unamsema nani. Wakanyamaza. Mmoja akasema, "Unamsema kama Mama." Sikuongeza neno. Jumatatu mstari ulikuwa umebadilika, mwanamke amekuwa mbuzi aliyekula daftari. Kama ningeukataza wimbo mzima, wangeuimba vile vile ulivyo wakienda nyumbani, mahali nisipoweza kusikia. Uliza mstari mmoja, wape siku tatu.

Kwa wanaotaka kuanza, haya madogo yalinigharimu. Usinunue kirekodi mwezi wa kwanza. Upepo wa Arua ulimeza nusu ya rekodi zangu, na kadi ya kumbukumbu ilipoharibika Oktoba nilipoteza michezo kumi na tisa kwa mkupuo. Niliyoiandika kwenye daftari la shilingi elfu moja ipo yote. Andika tarehe, kwa kuwa mchezo wa Februari si wa Julai hata kama jina ni moja. Andika neno kama lilivyotamkwa, ukisikia "bilingi" usiweke "bolingo", maana ukirekebisha utakuwa umefuta kazi ya mtoto ukabakiza ya mwimbaji. Na klabu ya Kiswahili? Ipo, ina watoto arobaini na wawili. Tunachofanya ni kukaa, wanaleta mchezo wa wiki, tunauandika ubaoni, na wanaanza wenyewe kubishana kama ni "ameniachia" au "kaniachia". Sarufi nzima imo humo na mimi huuliza maswali tu.

Desemba, shule zilipofunga, nilikwenda Oli na kirekodi ili nimchukue Mama akiimba Songa kama walivyouimba Aru. Alikataa kuimba peke yake. Alisema haimbiki bila mtu wa kugonga naye. Tukamwita jirani yake, mama wa umri wake ambaye naye alikuwa upande ule miaka ile, wakaketi mkekani wakikabiliana. Walifika mstari wa pili wakasimama. Jirani alisema mwiko unazungushwa kulia, Mama akasema kushoto, tena mara mbili, kisha wakaanza kubishana kama muuza duka alikuwa na santuri moja au mbili, na ni nani aliyeleta neno la biringanya. Rekodi ina dakika thelathini na nane. Kuimba ni dakika nne hivi. Nimeinakili mara tatu, na sijakata chochote.